Swali la dawati la nyuma: barua ya wazi kwa mnaoandaa somo la kompyuta

Waheshimiwa mnaoandaa mitaala, vitabu na mitihani ya somo la kompyuta kwa shule zetu za sekondari,

YAH: MAAMUZI YA WAASISI WA KOMPYUTA BINAFSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamooni kwa mlionizidi umri, na habari za kazi kwa wengine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya kata. Nimesomea hesabu, lakini kwa kuwa niliwahi kukutwa nikitoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya ofisi, nikapewa na somo la kompyuta. Maabara yetu ina mashine 18, zote za mtumba. Kwenye kona ya chini ya kila kioo, upande wa kulia, pana maandishi hafifu ya rangi ya majivu yanayotuomba kwa adabu tuihalalishe Windows yetu, ile programu ya Microsoft inayoziendesha. Fundi aliyekuja kuziandaa alikuwa na flashi moja mfukoni. Alipiga windo mashine zote kwa siku moja, akanywa soda, akapewa nauli, akaondoka. Hakuna aliyeuliza lolote, na mimi nilikuwa mmoja wa wasiouliza.

Mwaka juzi nilifika kwenye ule ukurasa wa historia katika kitabu tunachotumia. Mnaujua: abakasi, Pascal, Babbage, mashine za kujaza chumba, kisha picha mbili, Bill Gates mwanzilishi wa Microsoft na Steve Jobs mwanzilishi wa Apple, halafu maswali ya zoezi. Ili wanafunzi wasisinzie nikawaongezea kisa: kwamba Gates, akiwa na miaka 20 tu, aliwaandikia barua ya wazi watu waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa, akawaambia kuwa wanaiba. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, ila yeye aliuliza kwa Kiswahili, maana swali likishakukera halingoji utafute maneno.

"Mwalimu, na hii yetu?" Akanyoosha kidole kwenye kona ya kioo.

Darasa lilicheka. Nilimwambia ni swali zuri sana na nitalijibu kipindi kijacho. Walimu wenzangu wanajua jibu hilo maana yake nini.

Naandika kwenu kwa sababu nilipokwenda kutafuta jibu niligundua kwamba kitabu chetu kina majina ya watu na miaka ya mashine, lakini hakina hata uamuzi mmoja. Na historia ya kompyuta hizi ndogo, ukiifungua, ni maamuzi matupu: nani alipe, nani apewe bure, nani aambiwe ukweli, nani aachwe nje. Watoto wetu wanaishi ndani ya maamuzi hayo kila wanapowasha mashine, nasi tunawafundisha kutaja sehemu nne za kompyuta.

Nianze na hiyo barua, kwa kuwa ni ya ukurasa mmoja na ingeingia kwenye kitabu chochote bila kumtia mchapaji hasara. Ina tarehe 3 Februari 1976. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1975, jarida la wapenzi wa elektroniki la Marekani, Popular Electronics, lilitoa kwenye jalada picha ya Altair 8800, kompyuta ya kuunganisha mwenyewe, iliyouzwa na kampuni ndogo ya MITS ya mji wa Albuquerque kwa dola 397. Haikuja na kioo wala kibodi. Lilikuwa boksi lenye swichi na taa. Gates na rafiki yake Paul Allen, wakisaidiwa na Monte Davidoff, waliiandikia lugha ya BASIC ili mtu aiamuru kwa maneno badala ya kupandisha na kushusha swichi. Programu ilikaa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. MITS walipopeleka maonyesho yao Palo Alto, California, utepe mmoja ulichukuliwa, ukamfikia Dan Sokol, mwanachama wa Homebrew, klabu ya wapenzi wa kompyuta ndogo, aliyekuwa na njia ya kuunakili. Mkutano uliofuata wa klabu alikuja na sanduku la nakala, akazigawa bure kwa sharti moja: ukichukua utepe mmoja, rudi na tepe mbili.

Mliokua enzi za kanda na CD za kudurufu, najua mmetabasamu.

Gates hakutabasamu. Aliandika kwamba wenye Altair walionunua BASIC hawafiki asilimia 10. Kwamba muda wa kompyuta uliotumika kuitengeneza ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000. Na kwamba mrabaha walioupata, ukiugawanya kwa saa za kazi, haufiki dola 2 kwa saa. Akauliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu bure. Hoja hiyo msiidharau. Mwanafunzi ambaye kaka yake anarekodi Bongo Fleva chumbani, kisha anausikia wimbo wake ukiuzwa kwenye flashi stendi na yeye hana nauli ya kumrudisha nyumbani, ataielewa kabla sijamaliza kuisoma.

Ila tuitazame na upande wa pili. Muda ule wa dola 40,000 Gates hakuulipia kutoka mfukoni. Ulikuwa wa mashine ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyogharamiwa na fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, yaani za walipakodi, na wakuu wa chuo hawakufurahi walipojua imetumika kwa kazi ya biashara. Lugha yenyewe ya BASIC haikuwa yake. Iliundwa mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wa hesabu wa Chuo cha Dartmouth, waliotaka hata mwanafunzi wa fasihi aweze kutumia kompyuta, nao wakawaachia watu wengine waitumie. Halafu MITS walikuwa wakiiuza BASIC kwa bei nafuu kwa mtu aliyenunua na mbao zao za kumbukumbu, yaani vile vibao vya memori ya mashine, na kwa bei ya juu kwa asiyezinunua. Na mbao hizo zilikuwa na sifa mbaya ya kutofanya kazi. Ni kama mpishi aliyepikia jiko la jirani, kwa unga wa kijiji, kwa mapishi ya bibi, kisha akataka kila anayeonja alipe. Lakini kupika, alipika yeye, na chakula kilikuwa kitamu hata watu wakaiba.

Nani alimwibia nani? Nimekaa na swali hilo miaka miwili na bado nageuka upande huu na ule. Ndiyo maana nalitaka darasani.

Majibu yaliyotolewa wakati ule yanafundisha kuliko barua yenyewe. Tom Pittman aliandika BASIC ndogo ya chipu ya 6800, akaiuza kwa dola 5, kuonyesha kwamba kitu kikiwa na bei ya haki watu watalipa. Wakalipa. Li-Chen Wang naye aliandika BASIC yake ndogo, akaitoa kwa wote, na pale ambapo wengine huandika kwamba haki zote zimehifadhiwa, yeye akaandika kwa utani kwamba makosa yote yamehifadhiwa. Mwaka 1983 Richard Stallman, akiwa kwenye maabara za chuo cha MIT, alitangaza mradi wa GNU, wa mfumo mzima ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Na mwaka 1989 akatoa leseni inayomlazimisha anayegawa programu hiyo awape wengine uhuru uleule aliopewa yeye. Sheria ya hakimiliki ikageuzwa kibao, ikafanya kazi ya kulinda kugawana. Mwanafunzi wangu asiyejua kwamba njia hii ya tatu ipo anadhani duniani kuna aina mbili tu za watu, wenye hela na wenye flashi.

Sasa chukueni Steve Wozniak. Vitabu humtaja kwa kupitia, kama "mwenzake Steve Jobs", namna mke wa mwenyekiti anavyotambulishwa kwenye sherehe. Huyu ndiye aliyeibuni Apple ya kwanza, mwenyewe, usiku, baada ya kutoka kazini Hewlett-Packard. Michoro yake alikuwa akiigawa bure kwenye mikutano ya klabu ileile ya Homebrew. Na kwa kuwa alikuwa mwajiriwa, aliona ni haki kampuni iitazame kazi yake kwanza, akawapelekea, wakaikataa. Hapo tu pana kipindi kizima cha maadili ya kazi: ukibuni kitu usiku, ni cha nani?

Jobs ndiye aliyeona kwamba kitu hicho kiuzwe, kisigawiwe. Wakaanzisha Apple mwaka 1976 pamoja na Ronald Wayne, aliyejitoa baada ya siku 12 na kuuza sehemu yake ya asilimia 10 kwa dola 800. (Wanafunzi humcheka sana Wayne. Mimi huwauliza kama wana nyumba ambayo wadai wanaweza kuja kuichukua, maana yeye aliogopa hilo, na wenzake hawakuwa na mali ya kudaiwa.)

Mwaka mmoja kabla ya Apple, Jobs alipata kazi ya kutengeneza mchezo wa Breakout kwa kampuni ya Atari, akamwomba Wozniak amsaidie. Wozniak alikesha siku nne. Jobs alimwambia malipo ni dola 700, akampa 350. Wozniak ameeleza kwamba miaka kadhaa baadaye aligundua kulikuwa na bakshishi ya maelfu ya dola ambayo hakuambiwa. Jobs alikana hadi mwisho. Wozniak alisema kwamba kama Jobs angemwambia tu anazihitaji hizo fedha, angempa zote. Huwa nawasomea wanafunzi sehemu hiyo na darasa linanyamaza. Kila mmoja wao ana rafiki aliyewahi kugawana naye chenji.

Kisha kuna tarehe 12 Desemba 1980, siku Apple ilipouza hisa kwa umma na watu wengi wakalala maskini wakaamka matajiri. Daniel Kottke alikuwa rafiki wa Jobs tangu chuo, walisafiri pamoja India, alishika chuma cha kulehemu enzi za gereji. Hakupewa hisa, kwa kuwa alihesabiwa mfanyakazi wa kulipwa kwa saa. Inasimuliwa kwamba mhandisi mmoja mwandamizi, Rod Holt, alimwendea Jobs akamwambia wampe Kottke sehemu ya hisa zao, chochote Jobs atakachotoa naye atatoa kiasi hicho hicho. Jobs akasema atatoa sifuri. Wozniak, yeye, alichukua hisa zake akawauzia kwa bei ya chini makumi ya wafanyakazi walioachwa nje, na nyingine akawapa watu wa mwanzo bure. Hakuna sheria iliyomlazimisha.

Mwanafunzi akiniandikia kwamba Wozniak ni mwema na Jobs ni mbaya, basi, namnyima alama. Bila Jobs michoro ile ingebaki kuwa karatasi za klabu, na huenda Kottke asingekuwa na cha kunyimwa. Nataka anieleze uamuzi: nani alikuwa na uwezo wa kuchagua, alijua nini siku ile, nani alibeba gharama.

Kwa Gary Kildall nitawachelewesha kidogo, mniwie radhi. Jina lake halimo kabisa kwenye kitabu chetu. Alikuwa mwalimu kwenye chuo cha Jeshi la Majini la Marekani huko Monterey. Mwaka 1974 aliandika CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo, yaani programu mama inayoendesha mashine na kuzibeba programu nyingine, na baadaye akatenga pembeni ile sehemu inayozungumza na vifaa vya mashine, hata programu moja ikaweza kutumika kwenye mashine za viwanda mbalimbali. Yeye na mkewe, Dorothy, wakaiuza kupitia kampuni yao, Digital Research.

Mwaka 1980 IBM ilitaka mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta yake mpya, watu wake wakaenda kwa Kildall. Hadithi inayorudiwa ni kwamba alikwenda kustarehe na ndege yake akawaacha wageni mlangoni. Ndege alirusha kweli, lakini kwa shughuli ya mteja mwingine, na alirejea siku hiyohiyo. Asubuhi Dorothy na wakili wao walikuwa wamesita kutia saini hati ya usiri iliyoegemea upande mmoja. Waliokuwepo hawakusimulia sawa. Lililo wazi ni kwamba hawakuafikiana, na IBM wakarudi kwa Gates, ambaye walikuwa wameshazungumza naye.

Microsoft haikuwa na mfumo wa kuwapa. Ila kampuni ndogo ya Seattle Computer Products ilikuwa nao: kijana wao, Tim Paterson, alikuwa ameuandika kwa kufuata namna programu zinavyoiagiza CP/M kazi, ili programu za CP/M zihamishwe kirahisi. Microsoft wakachukua kwanza leseni, na Julai 1981 wakanunua haki zote kwa dola 50,000. Muuzaji hakuambiwa kwamba mteja aliyekuwa akisubiri nyuma ya pazia ni IBM. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo kompyuta ya IBM ikatoka. Kwenye mkataba wao na IBM, Microsoft walikuwa wamejiwekea haki ya kuwauzia mfumo huo na watengenezaji wengine, na hapo ndipo utajiri wote ulipotoka. Seattle Computer Products walikwenda mahakamani baadaye, na mwaka 1986 wakalipwa dola 925,000 kumaliza shauri.

Darasani kwangu nalieleza hivi: mtu anakuja kununua shamba lako ilhali ameshaona ramani ya barabara ya lami itakayopita pale. Lazima akuambie? Mikono yote inapanda. Kila ukoo una kisa cha shamba. Nusu wanasema huo ni wizi, nusu wanasema ndiyo biashara. Hapo nawaongezea jambo moja: Gates alikuwa ametia saini kwa IBM kwamba hatatoa siri. Kumwambia muuzaji kungekuwa kuvunja ahadi. Kelele zinashuka, wanaanza kufikiri.

Kildall alilalamika kwamba kazi yake imeigwa. IBM wakamtuliza kwa kukubali kuuza na mfumo wake kando ya ule wa Microsoft, kisha vikapangwa rafuni: wa Microsoft dola 40, wake dola 240. Alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 52, amechoka kuulizwa juu ya ile ndege.

Wengine nitawapitia haraka. Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc mwaka 1979, jedwali la kwanza la hesabu kwenye kompyuta ndogo; hawakulichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa kuwa wakati ule mwanasheria aliwaambia nafasi ya kuipata kwa programu ni ndogo, na kila tunapofungua jedwali la alama za wanafunzi tunatumia wazo lao bila kuwalipa. Douglas Engelbart alionyesha kipanya hadharani tarehe 9 Desemba 1968. Hataza ilikuwa ya taasisi aliyofanyia kazi, yeye hakupata mrabaha. (Wanafunzi wangu bado hucheka kwamba kipanya ni kifaa, maana kwao kipanya ni gari la abiria.)

Kuna mmoja, Adele Goldberg, ambaye natamani nyinyi hasa mumsome, kwa sababu kisa chake kinahusu wakubwa. Desemba 1979 Steve Jobs alikwenda na watu wake kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, ambako tangu 1973 walikuwa na Alto, kompyuta yenye madirisha na kipanya. Adele Goldberg, mtafiti wa hapo, alikataa kuwaonyesha. Aliwaeleza waziwazi wakubwa zake kwamba wanakwenda kutoa kitu cha thamani kuliko vyote walivyonavyo. Wakubwa wakamwamuru aonyeshe. Kwao lilikuwa dili zuri, kwa kuwa Xerox ilikuwa imeruhusiwa kununua hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1. Akaonyesha. Mengine mnayaona kwenye kila kioo mnachokitazama. Aliyejua alikuwa chini, walioamua walikuwa juu. Sisemi zaidi, naandika kwa wakubwa.

Na yule Ed Roberts, mwenye MITS, aliyeiuza Altair? Mwaka 1977 aliiuza kampuni, akaenda kulima Georgia, kisha akaingia chuo cha udaktari akiwa mtu mzima mwenye familia, akahitimu mwaka 1986. Akawa daktari wa mji mdogo wa Cochran hadi alipofariki Aprili 2010. Yeye na Gates walikuwa wamevutana juu ya haki za ile BASIC mpaka kwa msuluhishi, lakini Roberts alipokuwa mahututi Gates alikwenda kumwona hospitalini. Mtu aliyefungua mlango wa biashara yote hii akaishia kupima wagonjwa wa kijijini. Hata mstari mmoja hana kwenye kitabu.

Najua kuna atakayesema hii ni historia ya Wamarekani, na watoto wetu wana yao. Sawa, tuchukue yetu. Mwaka 1974, miezi michache kabla Altair haijatokea jaridani, Serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo watu hulisimulia hilo kwa kicheko. Mimi silicheki. Hesabu za Serikali zilikuwa zimejaribiwa kuwekwa kwenye kompyuta, mradi ukaenda mrama, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na kompyuta iliyokuwa ikizungumziwa ni dubwana la kujaza chumba lililohitaji wataalamu wa kukodi kutoka nje. Nani angejua kwamba mwaka unaofuata itauzwa kwa posta kwa dola 397? Marufuku ilikuwa na sababu, ila mashine yenyewe ilibadilika, na amri ikabaki imesimama kwa miaka kadhaa baada ya sababu zake kuondoka. Hilo ni somo la uamuzi lililo bora kuliko la Kildall, na ni letu. Nalo silioni kitabuni.

Jingine letu: mwaka 2004, kwenye mradi uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, huru, za bure, halali kunakili kwa flashi hata mara elfu. Watu walikaa wakabishana tuite nini kila kitufe. Nimefanya kazi shule tatu na sijawahi kuikuta kwenye mashine hata moja. Kwa nini? Sitaki kumsingizia mtu. Lakini ni swali ambalo kidato cha nne wangeweza kwenda kulitafiti mtaani kwao, kwa kuuliza tu kwenye vibanda vya steshenari.

Ninachoomba si kikubwa. Ile barua ya 1976 iwekwe kitabuni nzima, na kando yake majibu ya waliopinga, na kisa cha 1974 kiandikwe na mtu aliyepitia nyaraka, si na mimi. Mtihani nao upunguze "taja" na "orodhesha", uwe hata na swali moja linalompa mwanafunzi uamuzi wa kweli na kumtaka aeleze angefanyaje na nani angeumia. Najua usahihishaji utakuwa mgumu zaidi. Nasahihisha madaftari 140 kwa wiki, sisemi kwa kukisia.

Ombi la mwisho ndilo linaloniweka pabaya. Semeni kitu juu ya programu za maabara zetu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu na wimbo, na mimi nasimama mbele ya watoto nikifundisha maadili kwa kutumia mashine zenye yale maandishi ya majivu. Kama shule inunue leseni, fungu litajwe. Kama itumie programu huria, mtihani wa vitendo usimwangushe mtoto kwa sababu kitufe kiko upande mwingine wa kioo. Kunyamaza ni uamuzi pia, na huo mmekuwa mkiufanya kila mwaka, pamoja nami.

Likizo iliyopita nilichukua mashine nne nikazifuta, nikaziwekea Ubuntu, mfumo endeshi huria wa bure. Siku ya kwanza wanafunzi walinuna: mchezo wao wa karata haupo. Siku ya tatu mmoja aligundua kwamba neno Ubuntu anaweza kulielewa bila kamusi, akawaeleza wenzake linatoka kwa ndugu zetu wa kusini na ni jamaa wa utu. Mashine 14 zilizobaki sijazigusa. Mkuu wangu wa shule, ambaye ni mtu mwema, ameniuliza nitajibu nini mkaguzi akikuta programu ambayo haimo kwenye muhtasari.

Yule binti sasa yuko kidato cha nne. Wiki iliyopita alinisimamisha mlango wa maabara, akaniamkia, akaniuliza kama lile swali lake nimeshalipata jibu. Nikamwambia nitawauliza wakubwa. Akanitazama namna wanafunzi wanavyomtazama mwalimu wanapojua anapoteza muda, akasema, "Haya, mwalimu."

Basi ndiyo nimeuliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hesabu (na kompyuta), shule ya kata